Mkataba kabla ya tiketi: kutafuta kazi ya nje ukiwa bado Nyanda za Juu Kusini

Kuna kwenda kisha kutafuta, na kuna kutafuta kisha kwenda. Vijana wengi wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe wanaijua zaidi ile ya kwanza: basi mpaka Tunduma, kuvuka Nakonde, na safari ndefu ya kusini hadi Bondeni, yaani Afrika Kusini, kazi itaonekana hukohuko. Au viza ya matembezi ya Dubai kutoka kwa mtu anayesema "ukifika tutaibadilisha". Makala haya yanahusu hiyo nyingine, ambayo ni ya polepole na ina karatasi nyingi, lakini ndiyo inayokufikisha kazini ukiwa na haki ya kudai mshahara wako.

Chukua mfano wa Afrika Kusini. Mtanzania anaingia bila viza kwa matembezi ya hadi siku 90 kwa mwaka. Ruhusa hiyo ni ya kutembea tu. Siku utakayoshika koleo kwenye eneo la ujenzi umevunja sheria ya nchi hiyo, na anayekupa koleo analijua hilo kuliko wewe. Ndiyo maana anaweza kukulipa pungufu, au asikulipe kabisa mwisho wa mwezi, kwa kuwa huwezi kumshtaki bila kujipeleka mwenyewe kwa uhamiaji. Malawi na Zambia ni hivyohivyo: kugongewa muhuri mpakani Kasumulu au Tunduma si kibali cha kazi.

Zipo nchi zinazoruhusu mtu aingie kutafuta kazi, lakini angalia masharti yake. Ujerumani ilianzisha kadi iitwayo Chancenkarte tarehe 1 Juni 2024. Inampa mwenye ujuzi muda wa hadi mwaka mmoja wa kutafuta kazi akiwa kule. Anatakiwa awe na taaluma inayotambulika, ajue Kijerumani walau kidogo au Kiingereza vizuri, na aonyeshe kuwa ana fedha za kujikimu. Kwa mwaka 2025 kiwango kilikuwa euro 1,091 kwa mwezi, yaani euro 13,092 kwa mwaka, na kwa kawaida huwekwa kwenye akaunti maalumu kabla viza haijatolewa. Kijana asiye na kiasi hicho hapaswi kuuza shamba la parachichi la familia ili akipate. Mwenye mkataba wa kazi au wa mafunzo ya ufundi yenye posho hupita mlango mwingine, usiodai akiba ya namna hiyo iwapo kipato chake kinatosha.

Kazi ya kwanza basi ni nyaraka, hata kabla ya kutuma ombi moja. Zigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile zisizokwisha muda au zinazodumu: cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, vyeti vya shule na chuo, pasipoti. Fungu la pili ni zile zinazochacha: hati ya polisi ya tabia njema, vipimo vya afya, matokeo ya mtihani wa lugha. Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, huhesabiwa miaka 2. Hati ya polisi na vipimo vya afya hukubaliwa kwa miezi michache tu tangu vilipotolewa. Watu wengi huanza na fungu la pili kwa sababu wakala amewaambia "nenda kapime kwanza", wakalipa, na mpaka mwajiri apatikane karatasi zimeshapitwa, wakalipa tena. Anza na fungu la kwanza. La pili lisubiri mpaka uwe na barua ya mwajiri mkononi, isipokuwa mtihani wa lugha, ambao waajiri wengi wa Ulaya huutaka mapema.

Kwenye fungu la kwanza, kinachokwamisha watu wa mikoa yetu kuliko kitu kingine ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Tusajigwe, NIDA inasema Tusajigwa. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, kitambulisho kina matatu, na cheti cha chuo kimeanza na jina la ukoo. Hapa nyumbani afisa atakuelewa. Ubalozini au kwa mwajiri wa Ulaya, hao ni watu wawili tofauti. Panga vyeti vyako vyote mezani, soma herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Ukikuta tofauti, irekebishe sasa. Cheti cha mtihani ndicho kigumu zaidi kukigusa, hivyo kama bado una nafasi ya kuchagua, ni afadhali kumbukumbu za RITA, wanaotoa cheti cha kuzaliwa, na za NIDA zisahihishwe zilingane nacho. Tofauti ndogo huweza kuelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Mabadiliko makubwa ya jina yanahitaji hati iliyosajiliwa rasmi, kiapo peke yake hakitoshi. Huduma za RITA hupatikana ofisi ya Mkuu wa Wilaya, huna haja ya kusafiri mbali.

Pasipoti iombe ukishamaliza majina, kwa sababu itanakili makosa yaleyale na kuyabeba miaka 10. Ombi huanzia mtandaoni na kukamilishwa ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, ada ni shilingi 150,000, yaani 20,000 za fomu na 130,000 za kukamilisha. Usimlipe mtu wa kati. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na miezi 6 au zaidi iliyobaki, kwa hiyo mwenye ya zamani aangalie tarehe mapema.

Vyeti vya taaluma vina mlolongo wake. Mwajiri wa nje hatosheki na nakala iliyogongwa muhuri wa wakili wa Soweto au Mwanjelwa, hapa Mbeya. Anataka chombo kilichotoa cheti kithibitishe. Matokeo ya sekondari ni Baraza la Mitihani, vyeti vya ufundi ni NACTVET, na kwa wenye taaluma zinazosajiliwa ni mabaraza na bodi zao: wauguzi wana baraza lao, madaktari lao, wahandisi bodi yao. Mabaraza mengi ya nje hudai barua ya hadhi njema itumwe moja kwa moja kutoka baraza la hapa, isipite mkononi mwako. Baada ya hapo kuna uthibitisho wa Wizara ya Mambo ya Nje na, kwa nchi nyingine, ubalozi wake ulioko Dar es Salaam. Kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Kusanya shughuli zote za safari hiyo, piga simu ofisi husika kabla ya kuondoka, na beba asilia pamoja na nakala.

Sasa kazi yenyewe. Mahali pa kuanzia ni orodha rasmi za nchi husika. Matangazo ya makundi ya WhatsApp yaache. Uingereza inachapisha bure orodha ya waajiri wote wenye leseni ya kuajiri wageni; mwajiri asiyemo humo hawezi kukupatia kibali, hata barua yake ipendeze vipi. Jambo moja lielezwe wazi, kwa sababu bado watu wanatozwa fedha kwa ajili yake: tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza ilifunga uajiri mpya kutoka nje kwa kazi za kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani na kwenye vituo vya matunzo. Anayekuuzia nafasi hiyo leo anakuibia.

Wauguzi waliosajiliwa ni habari nyingine. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na waajiri wa Uingereza hawatakiwi kuja hapa kuwachukua kwa makundi. Lakini muuguzi wa Mbeya au Ilembula akiona tangazo na kuomba mwenyewe, kanuni hiyo haimzuii. Kwa hiyo wakala anayefanya usaili wa pamoja hotelini "kwa niaba ya hospitali za Uingereza" ni wa kutiliwa shaka tangu mwanzo. Baraza la wauguzi la kule hutaka IELTS alama 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika, halafu mtihani wa kompyuta na wa vitendo.

Jina la Kanada hutumiwa sana kudanganyia watu. Kwa nafasi nyingi mwajiri wa kule anatakiwa kwanza apate kibali cha tathmini ya soko la ajira, kinachojulikana kama LMIA, na ada yake, dola 1,000 za Kanada kwa nafasi, ni yake yeye. Sheria inamkataza kumtwisha mfanyakazi gharama hiyo. Ukiambiwa "tuma fedha ya LMIA", hapo hakuna kazi.

Wengi hawatazami karibu, na hilo linasikitisha. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inafanya kazi tangu tarehe 1 Julai 2010 na inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuajiriwa kwenye nchi nyingine kwa kazi zilizokubaliwa, kwa kibali cha kazi kinachoombwa akiwa na mkataba. Walimu wa Kiswahili nao wajiandikishe kwenye kanzidata ya wataalamu ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa. Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC tangu Agosti 2019 na ya kazi Umoja wa Afrika tangu Februari 2022, na nchi zinazotafuta walimu na wakalimani huulizia huko.

Ukipata usaili kwa njia ya mtandao, chunga saa. "10:00" ya Dubai ni saa 3 asubuhi hapa. "10:00" ya London ni saa 7 mchana wakati wa baridi yao, lakini saa 6 mchana wakati wa kiangazi. Mtu aliyezoea kuhesabu saa zetu huisoma 10:00 kama saa 10 jioni, na nafasi inampita. Andika muda kwa mtindo wa saa 24 na umwombe mwajiri authibitishe.

Kuhusu mawakala, hasa wa kazi za Uarabuni. Anayewatafutia watu kazi lazima awe na leseni chini ya Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999. Cheti cha BRELA, cha usajili wa kampuni, na namba ya mlipakodi ya TIN vinaonyesha tu kwamba kampuni ipo. Hata duka la mbolea linavyo. Chukua jina la wakala, nenda kwa Afisa Kazi wa mkoa, Mbeya au Iringa, uulize kama leseni yake iko hai na inahusu kazi za nje. Ni bure. Shirika la Kazi Duniani, kwenye kifungu cha 7 cha mkataba wake namba 181 wa mwaka 1997, limeweka msingi kwamba wakala asimtoze mtafuta kazi. Hulipwa na mwajiri. Uingereza imekataza tozo hiyo kisheria tangu 1973. Fedha ikitakiwa kwenda kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, acha mara moja.

Na mkataba uusome kabla ya kukabidhi pasipoti. Angalia sarafu kwanza. Neno "riyali" linatumika Oman, Qatar na Saudia, na thamani zake hazikaribiani: dola moja ni riyali 3.64 za Qatar, 3.75 za Saudia, lakini ni riyali 0.385 tu ya Oman. Riyali 80 za Oman ni kama dola 208, riyali 1,000 za Qatar ni kama dola 275. Qatar ina kima cha chini tangu Machi 2021, kinachowahusu hata wafanyakazi wa ndani: riyali 1,000 za mshahara, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula kama mwajiri havitoi mwenyewe. Mkataba wa Qatar wenye mshahara wa riyali 700 hauna sheria nyuma yake.

Halafu tafuta humo jina kamili la mwajiri na anuani, aina ya kazi, saa, siku ya mapumziko, nani analipa tiketi ya kwenda na ya kurudi, bima ya afya, na namna ya kuvunja mkataba. "Kazi yoyote utakayopangiwa" si aina ya kazi. Viza lazima iwe ya kazi hiyohiyo: mkataba wa mapokezi ya hoteli wenye viza ya mfanyakazi wa ndani maana yake utapelekwa nyumbani kwa mtu. Na ofa ya "huduma kwa wateja" Thailand, kwa viza ya utalii na tiketi ya bure, ikatae. Watu wa Afrika Mashariki wamepelekwa hivyo mpaka kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni ya Myanmar. Sheria yetu ya mwaka 2008 inaliita jambo hilo usafirishaji haramu wa binadamu, na polisi wanapokea taarifa hata kama hujasafiri.

Ukiridhika na mkataba, utumie nakala ubalozi wa Tanzania wa nchi unayokwenda, iwe Muscat, Doha, Riyadh, Abu Dhabi au Pretoria, uulize kama mwajiri anafahamika. Waachie nyumbani nakala ya pasipoti, viza na mkataba, pamoja na jina la wakala, na hifadhi nyingine kwenye barua pepe yako, kwa sababu simu huweza kuchukuliwa. Ukifika na kupewa mkataba mwingine wenye mshahara mdogo au kazi tofauti, usisaini siku hiyo. Upige picha, umtumie mtu wa nyumbani mwenye nakala ya ule wa kwanza, naye aupeleke ubalozini na kwa Afisa Kazi pamoja na jina la wakala aliyekusafirisha.