Kampuni Ikiomba Kuchimba Ndani ya Mita 200 za Nyumba Yako

Mara nyingi jambo hili huanzia kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti anamkaribisha mgeni, ofisa wa kampuni ya kokoto, naye anaeleza kwamba mwamba mzuri umeelekea upande wa makazi na kampuni inaomba "ushirikiano" ili isogee kidogo. Zinatajwa ahadi: madarasa mawili, kisima, ajira kwa vijana. Karatasi inazungushwa, watu wanaandika majina na kusaini, wengi wakidhani ni mahudhurio. Miezi michache baadaye karatasi ile ile inaonekana wilayani ikiwa imebanwa pini nyuma ya muhtasari unaosema wananchi wameridhia.

Katika kazi yetu ya msaada wa kisheria kwenye ardhi na mazingira, watu hutufikia wakiwa wameshasaini. Makala haya ni kwa ajili ya wale ambao kalamu bado iko mkononi.

Tuanze na kinachoombwa. Sheria ya Madini ya Tanzania ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 95, inamzuia mwenye leseni kufanya kazi zake kwenye ardhi iliyo ndani ya mita 200 kutoka nyumba au jengo linalokaliwa, hata kama wenyewe wamesafiri kwa muda, mpaka apate ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali. Kwa shamba lililotayarishwa au lenye mazao, umbali ni mita 50. Na asikudanganye mtu kwamba krasha, yaani mtambo wa kusaga mawe kuwa kokoto, si mgodi: mawe, mchanga na kokoto za kujengea nazo ni madini mbele ya sheria hii, na mwenye nazo anahitaji leseni kama mchimba dhahabu.

Kwa hiyo kampuni inapoomba "kusogea kidogo", inachoomba ni kulegezewa kinga ambayo sheria imekuwekea wewe. Leseni aliyonayo ni ya madini yaliyo chini, ambayo kweli ni mali ya umma chini ya usimamizi wa Serikali. Haimpi nyumba yako wala shamba lako. Maofisa wa kampuni hupenda kutanguliza leseni mezani kama vile mazungumzo yamekwisha, na wenyeviti wengi hunywea wakiona muhuri wa Serikali. Wasinywee. Aliyetoa leseni na aliyeweka mita 200 ni yule yule.

Maji yana hesabu yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi wa maeneo hayo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au ufukwe wa bahari. Hizi si za mtu mmoja. Hata kijiji kizima kikisaini, saini hazifuti mita 60 za mto.

Sasa tufike mahali ambapo wananchi wengi huteleza. Sheria hiyo hiyo ya Madini inasema kwamba ridhaa ikinyimwa bila sababu ya msingi, mamlaka ya madini, kwa ushauri wa serikali za mitaa, inaweza kuamua kwamba ridhaa hiyo haihitajiki tena. Soma sentensi hiyo mara mbili. Ina maana "hatutaki" peke yake ni jibu dhaifu. Kijiji kinaweza kupiga kelele mkutanoni, kikaimba, kikamfukuza mgeni, halafu kikashindwa kimyakimya ofisini kwa sababu faili la kampuni lina kurasa 80 na la kijiji halina hata moja. Kukataa kunakodumu ni kule kulikoandikwa, kukiwa na sababu zinazopimika.

Sababu hizo zipo, na nyingi ziko kwenye fizikia ya kulipua mwamba.

Mtikisiko unaofika kwenye nyumba unategemea zaidi mambo mawili: umbali, na uzito wa baruti inayolipuka kwa mkupuo mmoja. Wahandisi wa migodi hugawanya umbali kwa kipeuo cha pili cha uzito huo. Tukiweka hesabu kwa maneno ya kawaida: ukitoka mita 200 ukaja mita 100, baruti ya kila mkupuo lazima ipunguzwe hadi robo ili nyumba ipate mtikisiko ule ule wa zamani. Isipopunguzwa, mtikisiko hupanda kwa kawaida kufikia takriban mara 3, kutegemea aina ya mwamba. Basi swali la kwanza la kumuuliza ofisa si juu ya madarasa. Mwulize: mnatumia kilo ngapi kwa mkupuo sasa, na mkisogea mtatumia ngapi? Asipokuwa na jibu, hilo lenyewe liandikwe kwenye muhtasari.

Kuna vipimo ambavyo kampuni hupenda kuvitaja. Utafiti wa Ofisi ya Migodi ya Marekani wa mwaka 1980, ambao hutumika sehemu nyingi duniani, ulipendekeza mtikisiko wa masafa ya chini, yaani ule wa mawimbi ya polepole, usizidi takriban milimita 12.7 kwa sekunde kwa nyumba zenye kuta za plasta, na milimita 19 kwa nyumba za kisasa zaidi. Ni vipimo vya maana. Lakini nyumba zilizochunguzwa kule kwa sehemu kubwa zilikuwa za fremu ya mbao, na mbao hupinda. Tofali la udongo lililojengewa kwa tope, bila nondo, bila linta, halipindi, linapasuka. Mtaalamu akikuonyesha grafu, mwombe akuonyeshe pia nyumba iliyomo ndani ya grafu hiyo.

Mawe yanayoruka ni suala jingine, na hapa sihitaji grafu yoyote. Kabla ya kulipua, king'ora hupigwa na wafanyakazi wenye kofia ngumu huondolewa hadi umbali uliowekwa na msimamizi wa baruti. Muulize umbali huo ni mita ngapi. Ukizidi umbali kutoka shimo hadi jikoni kwako, atueleze kwa nini mfanyakazi aliyefundishwa aondoke na mama anayesonga ugali abaki.

Kelele za krasha huongezeka kwa desibeli 6 hivi kila umbali unapopungua nusu. Kuhusu vumbi, uliza ni mwamba gani. Miamba migumu kama granaiti ina silika nyingi, na vumbi lake laini sana, lile lisiloonekana kwa macho, ndilo linalofika ndani kabisa ya mapafu na kuleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Chokaa kwa kawaida huwa na silika kidogo kuliko granaiti. Kwa hiyo vumbi la sehemu moja haliwezi kutolewa ushahidi kwa sehemu nyingine, na ripoti iliyonakiliwa kutoka mradi mwingine hujulikana upesi: jina la mto linakuwa la wilaya ya jirani. Tumeziona.

Vipimo vya mita navyo vina ujanja wake. Kampuni huweza kupima kutoka shimo lilipo leo, wakati leseni ndogo ya uchimbaji hudumu miaka 7 na leseni ya uchimbaji miaka 10, na shimo halikai mahali pamoja. Kinachotakiwa ni umbali kutoka ukingo wa mwisho wa shimo kwenye mpango wa uchimbaji hadi ukuta wa nyumba iliyo karibu zaidi. Viwianishi vya kona za leseni, yaani namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani, vimeandikwa kwenye leseni, na ramani ya leseni za Tume ya Madini inaonekana mtandaoni. Kijana mwenye simu anaweza kupata picha ya awali, ingawa simu hukosea mita kadhaa. Kwa faili, mwombeni mpima ardhi wa halmashauri aje apime mbele ya pande zote mbili, na vipimo visainiwe siku hiyo hiyo.

Kampuni nayo itakuwa na hoja, na si zote za kupuuza. Nzito kuliko zote ni ya nyumba za tegesha. Nyamongo, wilayani Tarime, jambo hili limezua mgogoro wa miaka mingi: nyumba na mazao huota usiku mmoja karibu na mgodi ili wenyewe walipwe fidia. Mnapopinga ombi, tegesha ni sumu kwenye faili lenu. Nyumba tano zilizojengwa baada ya tangazo zitafanya nyumba arobaini za miaka thelathini zionekane za uongo. Kamati ya kijiji iziorodheshe nyumba zote kwa mwaka wa kujengwa, kwa picha, kwa ushahidi wa majirani wazee, na isiwaonee haya waliotegesha. Ni kazi chungu, kwa sababu mara nyingine aliyetegesha ni shemeji wa mjumbe.

Nani hasa anatoa ridhaa? Sheria inasema mkaaji halali. Si mwenyekiti, si mtendaji, si diwani. Mkutano Mkuu wa Kijiji una nguvu zake kubwa kwenye ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mazungumzo na kampuni ni vizuri yapite hapo, lakini mkutano hauwezi kutoa ridhaa ya nyumba ya mtu ambaye hakuitoa mwenyewe. Asiye na hati asidhani hahesabiki. Haki ya kimila ya kumiliki ardhi inatambuliwa na sheria hiyo hata kabla cheti hakijaandikwa. Na pale ridhaa inapoambatana na kuuza au kuhama nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inahitaji kauli ya mwenza. Baba akisaini peke yake, mama ana haki ya kwenda kuweka pingamizi.

Karatasi ya mahudhurio iwe na kichwa cha habari juu kabisa, kwa herufi kubwa: MAHUDHURIO, tarehe, na ajenda. Nafasi tupu zipigwe mstari. Hili dogo limeokoa vijiji.

Wengine hutuuliza kama mahakama huwasikiliza watu wadogo kwenye mambo haya. Zipo kesi mbili za Dar es Salaam ambazo kila mwanafunzi wa sheria ya mazingira nchini huzisoma. Wakazi wa Tabata walilishitaki Jiji mwaka 1988 kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwaka moshi na kunuka katikati yao. Mahakama Kuu ikaamuru lisitishwe. Jiji likawa linarudi kuomba muda zaidi, tena na tena, hadi mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa, akishangaa mamlaka ya umma kusimama mahakamani bila wasiwasi na kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, na Jaji Rubama akaona kwamba eneo lile lilikuwa limetengwa kwa makazi katika mpango kabambe wa Jiji lenyewe. Zingatia kilichowabeba: kwa Kunduchi ilikuwa ramani. Hawakushinda kwa sababu taka zinanuka tu, walishinda pia kwa sababu mpango wa matumizi ya ardhi ulisema makazi. Kijiji chenye mpango wa matumizi ya ardhi uliosajiliwa kinaingia kwenye mgogoro wa mgodi kikiwa na silaha ambayo jirani yake asiye na mpango hana.

Marekani, ambako New York ilipitisha kanuni za kugawa mji kwa kanda mwaka 1916 na Mahakama ya Juu ikaukubali utaratibu huo mwaka 1926 katika kesi ya Euclid, mji mdogo wa Ohio, bodi zinazosikiliza maombi ya kulegezewa umbali zina swali moja gumu. Je, shida ya mwombaji inatokana na umbile la ardhi yenyewe, au ameitengeneza mwenyewe? Kutaka faida zaidi peke yake hakutoshi. Swali hilo si sheria yetu, lakini linafaa kuulizwa popote. Kampuni iliyonunua leseni ikijua nyumba zipo haiwezi kuja kulia leo kwamba nyumba zinaibana.

Mnapoandika pingamizi, liwe fupi. Taja namba ya leseni, umbali uliopimwa, idadi ya nyumba na vyanzo vya maji, kisha sababu moja moja na kielelezo chake. Ombeni nakala ya cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira pamoja na masharti yake kutoka mamlaka ya mazingira, iliyojulikana kwa muda mrefu kama NEMC. Kama tathmini ilifanywa kwa shimo lililo mita 200 na sasa linataka kuwa mita 90, kilichotathminiwa si hiki kinachoombwa, na hoja hiyo huwa ngumu kujibiwa. Nakala ziende kwa ofisi ya madini ya mkoa, kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa mamlaka ya mazingira. Kila nakala mnayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe.

Na wako watakaoamua kukubali, ni haki yao. Wakubali kwa masharti: ridhaa iwe ya muda maalumu, itaje mita halisi na kikomo cha baruti kwa mkupuo, saa za kulipua, na kipima mtikisiko kiwekwe nyumbani kwa mwananchi, si kwenye geti la kampuni. Kabla ya mlipuko wa kwanza kila ukuta upigwe picha mbele ya mwenye nyumba na mwakilishi wa kampuni, ufa uliopo upimwe na kuandikwa, na mwenye nyumba abaki na nakala yake. Bila picha hizo, ufa wowote utakaotokea baadaye kampuni itasema ulikuwepo.