RAM haigandui dirisha

Wiki iliyopita aliniita tena mzee mwenye duka la dawa. "Mtaalamu, ile programu bado inastaki, na RAM nimeshaongeza kama kijana alivyosema." Kijana ni yule aliyemwandikia mfumo wa mauzo kwa Python na Tkinter, zana ya Python ya kutengeneza madirisha. RAM ilikuwa GB 4, sasa ni GB 16. Mzee akibofya kitufe cha ripoti ya siku, dirisha linapauka, Windows inaandika juu yake kwamba programu haijibu, kisha baada ya sekunde nane hivi linazinduka. Ni sekunde nane zilezile za kabla hajatoa hela yake.

Nafundisha wanaoanza kuandika programu za kompyuta ya mezani, na jioni narekebisha walizoandika waliokwisha kufundishwa. Sentensi hii, kwamba programu ikiganda dawa ni kuongeza RAM, nimeisikia mara nyingi mno, na nyingine kama hiyo, kwa hiyo naziandika hapa, mwingine akija nimpe asome kwanza.

"Programu inaganda kwa sababu mashine ni dhaifu"

Fungua Task Manager programu ikiwa imeganda, utazame safu ya CPU. Kwa mzee yule ilisoma asilimia 2. Prosesa ilikuwa imekaa haina kazi! Programu ilikuwa inasubiri hifadhidata ijibu, na anayesubiri humharakishi kwa kumpa chumba kikubwa zaidi. Ukikuta asilimia 25 kwenye mashine ya prosesa nne, isiyopanda wala kushuka, hiyo ni hadithi nyingine: thredi moja (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) inazunguka kwa nguvu zake zote kwenye prosesa moja na zile tatu zinatazama. RAM unaishuku pale tu safu ya kumbukumbu imejaa na diski inafanya kazi kwa asilimia mia. Kwa mifumo ya maduka ninayoletewa, hali hiyo ni nadra.

Sasa dirisha linaganda kwa nini? Mfikirie Mangi yuko peke yake dukani, nyuma ya dirisha la nondo. Anauza soda, anarudisha chenji, anajibu "sukari ipo", yote kwa zamu na kwa haraka hata unadhani wako watatu. Umtume akafuate kreti stoo ya ng'ambo ya barabara, duka limesimama. Wateja wanagonga nondo na hakuna wa kuwajibu. Upanue duka mara nne, Mangi bado yuko ng'ambo.

Thredi kuu ya programu yako ndiye Mangi. Inazungusha foleni ya matukio: kubofya, kuandika, kuchora upya dirisha lililofunikwa na jingine. Kila kitu unachokiandika ndani ya kazi ya kitufe kinafanywa na thredi hiyohiyo. Ukiweka humo `time.sleep(5)`, au kupakua faili, au kusoma bidhaa 3,000 moja moja, foleni inasimama. Windows ikiona dirisha halijachukua ujumbe kwenye foleni yake kwa sekunde 5, hulihesabu limeganda, hulifunika kwa nakala iliyopauka, na kutangaza kwamba halijibu. Swing ya Java ni hivyohivyo, WinForms na WPF za C# ni hivyohivyo, Qt pia. Kwa hiyo usiniambie Tkinter ndiyo mbovu ukahamia kwingine. Utahama na tatizo lako.

Kuna madhara mabaya kuliko kusubiri. Mteja anabofya "Hifadhi", haoni kitu, anabofya tena, na tena. Zile mbofyo zinapanga foleni, Mangi akirudi anazihudumia zote, na stakabadhi moja inaingia mara tatu. Wanafunzi hujitetea: "Lakini mwalimu, nilikizima kitufe mwanzoni na kukiwasha mwishoni." Uliwasha kitufe ndani ya kazi ileile iliyoziba foleni. Mbofyo zinafikiwa baada ya kazi kwisha, wakati kitufe kimeshawaka.

Dawa ya kwanza haihusu thredi kabisa: punguza kazi. Kijana wa duka la dawa alikuwa anafungua muunganisho mpya wa hifadhidata kwa kila bidhaa, anauliza mauzo ya leo ya hiyo bidhaa, anafunga, anarudia. Nikaandika swali moja lenye `GROUP BY`, nikaweka faharasa kwenye safu ya tarehe. Ripoti ikawa inatoka kabla kidole hakijanyanyuka kwenye mausi. Sikugusa thredi hata moja, na mzee akaniuliza RAM yake airudishe wapi.

Dawa ya pili ni ya wanaotaka saa au kitu kinachojirudia. Usilaze programu kwa `sleep`. Mwambie Mangi "nikumbushe baada ya sekunde moja" kwa `after(1000, kazi)`, kisha umwachie aendelee kuuza.

Ya tatu ndiyo thredi, kwa kazi zisizopunguzika: kupakua, kuchapa, kuongea na seva ya mbali. Hapa ndipo ninaposikia "nimeweka thredi na bado inaganda", na karibu kila mara ni mojawapo ya makosa mawili. Moja ni mabano: `Thread(target=pakua())`. Hayo mabano ya ndani yanaiendesha `pakua` papo hapo, kwenye thredi kuu, na thredi mpya inabaki haina la kufanya. Andika `target=pakua`. (Kitufe chenye `command=hifadhi()` kinachojibofya chenyewe programu ikifunguka ni ugonjwa huohuo.) La pili ni kuita `join()` mara tu baada ya `start()`. Umeajiri msaidizi wa kufuata kreti, kisha umemwamuru Mangi asimame mlangoni kumsubiri.

Kuna na waliofanikiwa kuanzisha thredi, halafu wanaandika kwenye dirisha kutoka humohumo. Leo inakubali, kesho inavunjika bila sababu unayoiona. WPF ina heshima, inakurushia hitilafu waziwazi. Sheria ni moja kwa zote: msaidizi haingii kaunta. Anaweka mzigo kwenye foleni, Mangi anauchukua:

```python
def kagua():
    try:
        orodha = foleni.get_nowait()
    except queue.Empty:
        dirisha.after(100, kagua)
        return
    jaza_jedwali(orodha)
```

Thredi ya pembeni inafanya `foleni.put(orodha)` na kuondoka zake. Kwenye Swing kuna `SwingWorker`, ipo ndani ya Java tangu toleo la 6. Kwenye C# tumia `async` na `await`, zilizoingia mwaka 2012, na usiharibu kwa kuweka `.Result` mwishoni: kwenye thredi ya dirisha hiyo humfanya kila mmoja amsubiri mwenzake hadi umeme ukatike.

Na tafadhali, acheni kunyunyiza `update()` au `DoEvents`, amri zinazomlazimisha Mangi ahudumie foleni kazi ikiwa haijaisha, katikati ya mzunguko. Najua dirisha linaonekana kupata nafuu. Umeruhusu mteja abofye "Futa" wakati "Hifadhi" iko nusu njia. Nikiikuta kwenye msimbo wa mtu, naanza kuhesabu stakabadhi zake.

"Wateja wenye majina magumu wanavunja mfumo"

Hii iliniudhi kwa namna nyingine. Zahanati moja, mapokezi, dada ananiambia wameagizwa wasiandike kibainishi (') cha Ng'wandu, waandike Ngwandu, maana "kompyuta haipendi". Kompyuta haina chuki na Wasukuma. Mwandishi wa programu ameunganisha maneno kuunda amri ya SQL, lugha ya kuongea na hifadhidata, na kile kibainishi kinafunga nukuu kabla ya wakati wake. Weka alama ya kuuliza, jina ulipitishe pembeni:

`cur.execute("INSERT INTO wagonjwa (jina) VALUES (?)", (jina,))`

Ng'wandu anaingia, Wang'ombe anaingia, na mwenye nia mbaya hawezi tena kupitisha amri zake kwenye kisanduku cha jina, kwa kuwa tundu lilikuwa hilohilo. Ile mkato baada ya `jina` si kosa la uchapaji, usiifute.

"Kompyuta haikosei hesabu"

Anzia kilo 1, toa 0.1 mara kumi, uangalie kilichobaki. Si sifuri. Ni kijisehemu chenye sifuri kumi na tano baada ya nukta, na sharti lako la `salio == 0` halitatimia hata siku moja. Ukiuza robo kilo hutagundua kitu, maana 0.25 inaandikika kamili kwa tarakimu za 0 na 1, 0.1 haiandikiki, kama ilivyo theluthi kwenye desimali zetu. Tunza uzito kwa gramu na fedha kwa senti, namba nzima. Au tumia `Decimal('0.1')`, pamoja na hizo nukuu, ukiziacha unaileta sumu ileile kwenye chupa mpya.

"Nimeweka try na except, sasa haina makosa"

Ina makosa, haina mdomo. `except: pass` ni kung'oa king'ora kwa sababu kinapiga kelele. Tena ukiisha kutengeneza exe isiyo na dirisha jeusi, hata ujumbe wa kawaida wa hitilafu hauna pa kutokea. Andika hitilafu kwenye faili la kumbukumbu kwa `logging`, na mwambie mteja kwa Kiswahili kwamba mauzo hayajahifadhiwa. Hilo la pili ndilo analohitaji kujua akiwa na foleni mbele yake.

"Kwangu inafanya kazi"

Naamini. Kwako unaiendesha kutoka folda ya mradi, kwa hiyo `connect("duka.db")` inalikuta faili. Kwa mteja imefunguliwa kwa njia ya mkato, folda ya kazi ni nyingine, na SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, isipolikuta faili hailalamiki: inaunda jipya, tupu. Unachokiona ni "no such table", na unaanza kuisaka jedwali ambalo halijaenda popote.

Wengine wanaliweka faili ndani ya Program Files. Mtumiaji wa kawaida haandiki humo, na dawa ya "endesha kama administrator" kila asubuhi ni aibu.

Kisa cha mwisho ndicho kilichomtoa mtu machozi. PyInstaller (zana ya kugeuza msimbo wa Python kuwa exe), exe ya faili moja, na hifadhidata imewekwa kando ya `__file__`, yaani pale msimbo wenyewe ulipo. Exe ya namna hiyo hujifungua kwenye folda ya muda kila inapowashwa, na folda hiyo hufutwa programu ikifungwa. Duka lilifanya mauzo siku nzima, likafunga, na asubuhi yake mfumo ulikuwa mtupu kama siku ya kwanza. Data ya mtumiaji inakaa kwenye AppData ya mtumiaji. Njia yake unaipata kwa `os.environ["LOCALAPPDATA"]`, unaunda folda yenye jina la programu yako, na hifadhidata unaiweka humo. Yale mauzo tuliyaandika upya kutoka kwenye daftari la mwenye duka, ambaye kwa bahati hakuwa ameiamini kompyuta kiasi cha kuliacha.