Chini ya barafu, tabu si baridi

Wakati wa kipupwe, upepo wa kusi unapotufanya tutoe masweta Unguja, kule Antaktika, ncha ya kusini ya dunia, bahari inatanda barafu. Waulize watu barazani vidudu vya baharini vya huko vinafanyaje, na jibu ni moja: "Vinaganda."

Havigandi. Maji ya bahari yana chumvi, hivyo huganda kwenye nyuzi 1.9 hivi chini ya sifuri, na barafu ikishaelea juu inayakinga na upepo mkali. Kidudu kisicho na uti wa mgongo kina chumvi mwilini sawa na ya bahari. Maadamu bahari haijaganda, nacho hakigandi. Wenye kazi ni samaki. Damu yao ina chumvi kidogo, na wengi wa Antaktika wana protini maalumu za kuzuia chembe za barafu zisikue mwilini.

Tabu hasa ni njaa, maana bila jua mwani, chakula cha vidudu hivyo, hauoti. Hapo wengine husema, "Basi hulala wote." Kopepodi, vidudu vidogo jamii ya kamba, wa Aktiki kwenye ncha ya kaskazini, kweli, huzama mamia ya mita na kupunguza mwendo wa mwili. Mkubwa wao ana milimita 7 hivi na mwili unaopitisha mwanga: mfuko wa mafuta unauona wazi ndani yake, mrefu, umejaa. Mafuta hayo yanaweza kupita nusu ya uzito wake akikaushwa. Lakini krili wa Antaktika, ambaye pale soko la Malindi angeitwa kamba mdogo, halali hivyo. Hula anachopata, akikosa, hujivua gamba na kuvaa jingine dogo zaidi, yaani anapungua umbo. Maabarani krili wamekaa bila kula zaidi ya siku 200! Watoto wa krili hawana akiba mwilini ya kuvumilia njaa hivyo. Hujishikiza chini ya barafu wakikwangua mwani ulioota humo, kwani barafu ya bahari si kitu kikavu: ina vijifereji vya maji ya chumvi kali, na humo mna mwani, minyoo na kopepodi.

Wapo pia wanaodhani giza la miezi halina ratiba. Mwaka 2016 watafiti wa Aktiki walionesha kuwa mwezi mpevu ukiwaka, vidudu hivi huzama hadi mita 50 hivi kuwakwepa wanaowinda kwa macho. Wavuvi wa dagaa, ambao taa zao hazifui dafu siku za mbalamwezi, hawatashangaa. Na kwa kuwa jua halipo, safari za vidudu hivi za kupanda na kushuka hufuata mwezi, zikichelewa dakika 50 hivi kila siku.