Kinyama cha kizazi hakisafishwi, kinatolewa

Kaa saluni yoyote ya Sinza au Mbagala nusu saa, hutakosa kusikia "kusafisha kizazi". Neno hilo limebebeshwa kila kitu: mitishamba, mvuke, vidonge vya kuweka ukeni, hata kukwanguliwa hospitali. Ndiyo maana mwanamke akiambiwa ana kinyama kwenye kizazi, swali lake la kwanza ni wapi akasafishwe.

Kinyama, ambacho madaktari hukiita polipu, si uchafu. Ni utando wa ndani wa kizazi uliokua kupita kiasi mahali pamoja, mara nyingi ukaning'inia kwa kikonyo. Kimeshika pale, na hakuna chai ya mizizi itakayokichomoa. Vile vidonge vya mitandaoni navyo huchubua uke. Yale mabonge yanayotoka, ambayo wauzaji huyapiga picha kwa fahari, ni ute tu na utando uliochubuka.

Wengine wanaikwepa hospitali wakihofia kisu. Tumbo halipasuliwi. Kamera nyembamba hupitishwa ukeni na kwenye shingo ya kizazi, maji yakatanua kizazi, daktari akakiona kinyama kwenye skrini na kukikata kwenye shina lake. Njia hiyo inaitwa histeroskopi. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo, ila kama umepewa dawa ya usingizi usipande bodaboda peke yako kurudi Gongo la Mboto. Damu kidogo na maumivu kama ya hedhi kwa siku chache ni kawaida. Homa au damu nyingi si kawaida. Kizazi kutoboka au kupata maambukizi hutokea kwa nadra.

Kukwangua bila kuona ni jambo jingine. Kinyama chenye kikonyo huteleza pembeni kifaa kikipita, ukatoka umekwanguliwa nacho kimebaki. Kamera haipo kila hospitali, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa: "Daktari, utakuwa unakiona wakati unakitoa?" Sioni ukorofi katika swali hilo.

Kilichoota kwenye shingo ya kizazi ni rahisi zaidi. Huonekana kwa macho, kikashikwa kwa koleo na kuzungushwa mpaka kikatike. Ni dakika chache, mara nyingi bila ganzi.

Kuhusu kuzaa, kizazi kinabaki mahali pake. Kuna waliohangaika kutafuta mtoto wakashika mimba baada ya kutolewa, ingawa hakuna anayeweza kukuahidi hilo. Vidogo visivyo na dalili huweza hata kupotea vyenyewe.

Je, ni kansa? Vingi si kansa, lakini macho hayatoshi kuamua. Kila kinachotolewa kipelekwe maabara, na majibu uyafuate. Tena ukitokwa damu baada ya tendo usikisingizie kinyama moja kwa moja, maana saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, nayo huweza kujionyesha hivyohivyo.

Hatari huongezeka baada ya hedhi kukoma. Shangazi yangu wa Temeke aliona damu miaka 6 baada ya yake kukoma, akacheka: "Ujana umerudi." Hatukucheka naye. Kinyama kilitolewa wiki iliyofuata, na maabara ikasema si saratani. Sasa anadai tulimkatizia ujana wake.