Chokoleti isiyo na sukari haimsaidii aliyeshukiwa na sukari

Siku za kliniki ya kisukari, nikipita kwenye benchi naona kina mama wanaoneshana kwenye simu jinsi ya kupika chokoleti zenye wanga kidogo. Nafurahi, kwa sababu mtu aliyekatazwa keki na soda miaka yote anahitaji kitu cha kumliwaza. Lakini chokoleti hizohizo zimeanza kutuletea watu alfajiri wakiwa mahututi. Haya ndiyo maswali wanayoniuliza.

Dada nesi, "wanga kidogo" maana yake nini?

Wanga ni chakula kinachogeuka sukari mwilini: ugali, wali, viazi, ndizi, mkate, na sukari yenyewe. Chokoleti ya maziwa ya dukani, karibu nusu ya uzito wake ni sukari. Unga wa kakao mtupu hauna sukari iliyoongezwa, na zaidi ya nusu ya wanga wake ni nyuzinyuzi, ambazo hazipandishi sukari kwenye damu.

Ninunue kakao ipi?

Ile chungu, isiyochanganywa na kitu. Si ule unga wa kopo wa kumkorogea mtoto asubuhi. Geuza kopo usome kiambato cha kwanza. Kikiwa sukari, lirudishe kwenye rafu. Kakao inalimwa kwetu hapa, Kyela na bonde la Kilombero, kwa hiyo ukipata iliyosagwa tupu, hata kama mfuko hauna picha nzuri, inafaa.

Nazipikaje?

Chemsha maji kidogo kwenye sufuria, weka bakuli kavu juu yake, lisiguse maji. Tia mafuta ya nazi vijiko vinne vya chakula, yakishayeyuka tia kakao vijiko vinne na siagi ya karanga isiyo na sukari vijiko viwili. Koroga hadi kung'ae. Ongeza chumvi chembe, iliki, na stevia (kitia utamu cha majani, kisicho na sukari) kidogokidogo huku unaonja, maana ikizidi huacha uchungu mdomoni. Mwisho karanga za kukaanga zilizopondwa, kiganja kimoja. Chagua karanga, siyo korosho. Korosho ina wanga karibu mara mbili. Mimina kwenye trei ya barafu, vitoke vipande 12, weka kwenye friji saa moja. Usiziache mezani. Mafuta ya nazi huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, na kwa joto la Dar utakuta uji.

Kipande kimoja hakifiki gramu 2 za wanga. Kula viwili baada ya chakula, basi. Mafuta ni mengi humo, na moyo wako nao tunautunza hapa kliniki.

Nikitia asali badala ya stevia? Asali si ni ya asili?

Ni ya asili, na ni sukari. Kijiko cha chakula cha asali kina gramu 17 hivi za sukari, kuliko hata kijiko hichohicho cha sukari nyeupe, kwa sababu asali ni nzito. Tende vilevile. Nasema hili kila wiki, na kila wiki mtu anakuja na kipimo cha sukari cha 18 (milimoli kwa lita ya damu) akiniambia "lakini situmii sukari, natumia asali tu". Naomba tuache jamani.

Sukari ikinishuka usiku, nile kipande kimoja?

Hapana.

Hili ndilo lililonifanya niandike. Asubuhi moja, kabla hata hatujabadilishana zamu, kijana alimleta mama yake kwa bajaji. Kanga imelowa jasho kama iliyotoka kufuliwa, macho wazi lakini hamjui mwanawe. Tulipomfungua mdomo tukakuta chokoleti imeganda kwenye ufizi. Kipimo kikasoma 1.9. Kijana anasema, "Nimempa chokoleti tangu saa tisa, nikawa nasubiri ipande." Alimpenda mama yake, akampa kitu kisichokuwa na sukari.

Lakini si ni tamu? Kitamu si kinapandisha?

Hapana. Utamu wa stevia upo kwenye ulimi tu, kwenye damu haufiki kama sukari. Anayeshukiwa na sukari anahitaji gramu 15 za sukari ya haraka. Ukimlisha trei nzima, vipande vyote 12, ukitoa nyuzinyuzi hufikishi gramu hizo. Na kidogo kilichomo kinacheleweshwa na mafuta tumboni. Kwa sababu hiyohiyo ya mafuta, hata chokoleti ya kawaida yenye sukari si ya kuokolea mtu.

Sasa nimpe nini?

Sukari ya mezani, vijiko vinne vya chai kwenye nusu glasi ya maji. Au nusu chupa ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado chini ya 4, rudia. Ikipanda, ale chakula chenye wanga: kipande cha mkate, ndizi, ugali kidogo. Huna mashine? Usingoje kuitafuta kwa jirani, mpe.

Nitajuaje kwamba imeshuka?

Jasho jingi la ghafla, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali. Ikizidi, mtu anaongea vitu visivyoeleweka, anakuwa mkali, anayumba kama mlevi. Wengine huombewa kwanza, wengine hupewa dawa ya malaria. Mpeni sukari kwanza, maombi yafuate.

Kwa nini inanishuka wakati nakula vizuri?

Nikiuliza "jana usiku ulikula nini?" najibiwa "chokoleti zangu mbili na chai kavu". Umemeza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, au umechoma insulini kwa kipimo cha mtu aliyekula ugali, halafu ugali hukula. Dawa inashusha sukari na hakuna cha kuipandisha. Chokoleti hii si chakula cha jioni. Na kama unataka kupunguza wanga kwenye milo yako yote, njoo kwanza tupunguze dawa, usianze mwenyewe nyumbani kisha utujie kwa bajaji. Anayetumia metformini, kidonge kingine cha kisukari, peke yake, ni nadra kushukiwa.

Amepoteza fahamu. Nimtie sukari mdomoni?

Usimtie kitu chochote mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, tafuta usafiri, mleteni hospitali saa hiyohiyo. Hata kama ni saa nane za usiku.

Amezinduka, anaongea. Tungoje asubuhi?

Hapana, na hili nalirudia kwa kila familia. Kama anatumia glibenklamaidi, dawa hiyo inaweza kufanya kazi saa 24. Sukari uliyompa itaisha, dawa bado ipo, atazama tena mkiwa mmelala. Mleteni akiwa anaongea, tumweke kitandani tumpime kila baada ya saa. Mgonjwa anayeingia kwa miguu yake akilalamika kwamba mmemsumbua ndiye tunayemtaka.

Nani mwingine nyumbani aelekezwe?

Wote. Mume, watoto wakubwa, dada wa kazi. Bandika karatasi kwenye kopo la chokoleti, uandike kwa herufi kubwa: SI YA SUKARI IKISHUKA. Kando ya kitanda weka kikopo cha sukari, kijiko na maji. Kisha mwambie mtoto mmoja akuoneshe, bila kumsaidia, atakachofanya akikukuta unatetemeka.