Nani Anashika Nne? Rifu ya Saba, Ubeti wa Tarbia na Chenji ya Punje Moja

Jumamosi moja ya Julai, saa nne asubuhi, watu wanne walisimama ndani ya SQ yangu (chumba cha nje nyuma ya nyumba kubwa), hatua chache kutoka Ngong Road, wakibishana kuhusu punje moja. Punje ndilo jina tunaloipa sehemu ndogo kabisa ya kipimo cha muziki, yaani mzunguko mmoja wa mapigo manne, tunapokigawa mara 16. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, punje moja ni sehemu ya nane ya sekunde. Ukipepesa jicho imekwisha. Ubishi wenyewe ulichukua saa mbili na chai ya thamosi nzima.

Mimi ni fundi wa sauti. Narekodi kwaya, matangazo ya redio, gospeli na, nikibahatika, bendi za metali, ule muziki wa rock wa magitaa mazito. Nairobi ina mashabiki wa metali wengi kuliko watu wanavyodhani. Bendi kama Last Year's Tragedy ziliwazoesha kuruka jukwaani miaka mingi iliyopita, na mwaka 2020 vijana wawili wa Duma, jina lenye maana ya giza kwa Kikuyu, walitoa albamu yao kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ikasikika mbali sana na hapa. Lakini bendi iliyokuwa kwangu siku hiyo inapiga metali ya progresivu, yenye mapigo ya hesabu zisizo za kawaida, ile ambayo mtu wa kawaida akiisikia huuliza kama kanda imekwama. Watu huniuliza bendi ya namna hii inatungaje, na mbona kuirekodi kunachukua muda mrefu hivyo. Nitajibu kwa wimbo mmoja tu, kwa sababu nimeuishi miezi mitatu.

Wimbo ulianza na rifu, yaani kifungu kifupi cha gitaa kinachojirudia. Rifu hii ina punje 7. Mpiga gitaa hahesabu moja hadi saba. Anasema "Kawangware Rongai". Jaribu mwenyewe ukigonga meza: Ka-wa-ngwa-re, nne, Ro-nga-i, tatu. (Ni majina mawili ambayo makondakta wa matatu huita, na rifu ina mkunjo pale katikati.) Kwa Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukisema kwa lafudhi ya kawaida mikazo itaangukia punje ya tatu na ya sita, na punje ya kwanza haisisitizwi kabisa. Mgeni akiandikiwa rifu hii kwenye karatasi ataibamiza mwanzoni, kisha atashangaa mbona haichezi. Huyu kijana aliichukua mdomoni mwa kondakta, na mkono wake wa kulia ukafuata.

Sasa, gitaa likizunguka kwa 7 na kila mtu akalifuata, umepata wimbo wa 7, basi. Si kitu kigumu na si kitu kipya. Kinachowatenga wataalamu ni pale mtu mmoja anapobaki kwenye nne, yaani yale mapigo manne ya kawaida, wakati wengine wanazunguka kwa hesabu nyingine. Msikilize Tomas Haake, mpiga drams wa Meshuggah ya Uswidi: mara nyingi mkono wake juu ya simbali, ile sahani ya shaba, unahesabu nne kama saa ya ukutani, huku miguu ikienda na gitaa kwenye hesabu isiyo shufwa. Kichwa chako kinashika simbali ili kisizame. Tunaoishi huku hatukuhitaji kwenda Uswidi kuliona hilo. Mpiga nyatiti, chombo cha nyuzi cha Wajaluo, hukaa peke yake, vidole kwenye nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga ubavu wa chombo, njuga zikilia mguuni. Mtu mmoja, kazi tatu, na anaimba juu yake.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa bendi yoyote ya aina hii, kabla sijagusa maikrofoni, ni hili: nani anashika nne? Wakishindwa kunijibu, nawaambia warudi mazoezini. Nimewahi kurekodi bendi ambayo kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayeshika. Tulipomaliza ilisikika kama sufuria zikimwagika ngazini, na kosa lilikuwa langu, sikuuliza.

Tufanye hesabu ya hawa. Vipimo vinne vya nne, kila kimoja punje 16, ni punje 64. Rifu ya 7 ikipigwa mara 9 inafika 63. Inabaki punje moja. Hiyo moja ndiyo iliyozua vita. Mpiga drams alitaka rifu iendelee bila kujali, iingie kipimo cha tano ikiwa imepinda, ipinde zaidi, hadi irudi yenyewe mahali pake baada ya vipimo 7. Ni njia halali na bendi kubwa huitumia. Mpiga gitaa alitaka noti ya mwisho irefushwe ifunike pengo. Mpiga besi, ambaye huwa hasemi kitu, akasema, "Hiyo ni chenji. Mrudishieni mwenyewe." Akimaanisha tunyamaze. Wote tunyamaze kwa punje moja, kisha turudi pamoja.

Tulipojaribu, ukimya wa sehemu ya nane ya sekunde ulikuwa mzito kuliko gitaa na besi pamoja. Mwili unajua kuna kitu kimeondolewa kabla akili haijauliza ni nini.

Lakini bado nne haikuwa na mwenyewe. Simbali tuliijaribu, ikawa inasikika kama kuiga wale Waswidi. Jibu lilitoka kwa mwimbaji. Alikulia Mombasa, babu yake alikuwa akighani mashairi harusini, na yeye huandika tarbia, mashairi ya mishororo minne kwa ubeti, kwenye simu akiwa kwenye foleni ya matatu. Alikuwa na beti tayari, akaanza kuzisema juu ya rifu, silabi moja kwa kila punje mbili:

Gari la mwisho lapita, taa zake zafifia,
Paka mweusi anyata, kwenye bati atulia.

Hesabu. Ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, una mizani 8; utao, nusu ya pili, una mizani 8. Kwa silabi ya punje mbili, ukwapi unajaza kipimo kimoja cha nne bila kubaki wala kupungua, na utao unajaza cha pili. Kina cha kati kinagonga mwisho wa kipimo cha kwanza, kina cha mwisho kinagonga mwisho wa cha pili. Sikio la mtu wa Kiswahili limefundishwa tangu shule ya msingi kukisubiri kina, kwa hiyo hata gitaa likichanganyikiwa kiasi gani, msikilizaji anashikilia "-ta" na "-ia" kama abiria anavyoshikilia chuma cha juu. Vina ndivyo vilivyoshika nne. Na kuna zaidi. Mishororo miwili ni vipimo vinne, ndizo zile punje 64. Ubeti wa mishororo minne una mizani 64 na unachukua vipimo vinane. Kwa hiyo lile pengo linakuja mara mbili katika kila ubeti, mwisho wa mshororo wa pili na mwisho wa kituo. Silabi ya mwisho ina punje mbili. Vyombo vinakatika kwenye ya pili, na ile "a" ya mwimbaji inabaki peke yake hewani kwa nusu ya mizani.

Hatukupanga hivyo. Tungepanga tungeharibu.

Bendi ya Tool ilisifiwa sana kwa wimbo wake uliobeba jina la albamu ya 2001, ambamo silabi za mwimbaji zinapanda kwa mfuatano wa Fibonacci, ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia: moja, moja, mbili, tatu, tano, nane. Nami nausifu. Ila watunzi wa utenzi walikuwa wakihesabu mizani 8 kwa kila kipande zamani sana. Mswada wa Utendi wa Tambuka ni wa mwaka 1728. Mtu wa hapa anayetaka kutunga muziki wa hesabu ana rafu nzima nyumbani ya kuchukulia vifaa.

Kisha ikaja kurekodi, na hapo ndipo nilipolazimika kuwaambia wabadilishe wimbo.

Utaratibu wangu ni wa kawaida: kliki kwanza (mlio wa kompyuta unaotunza kasi), gitaa la kuongoza la muda, drams, besi, magitaa ya kweli, sauti mwishoni. Kliki si mnyapara; nimeichora kwenye kompyuta ipungue hadi 116 pale katikati panapotulia, kwa sababu walipopiga mazoezini bila kliki ndivyo miili yao ilivyofanya. Shida ilikuwa simbali. Punje moja ya ukimya ni nzuri mazoezini, lakini krashi, ile simbali kubwa ya kubamiza, ikishapigwa inalia sekunde tatu au nne, na maikrofoni mbili zilizoning'inia juu ya drams zinaisikia yote. Kila tulipofika pengoni, pengo lilikuwa limejaa mlio wa shaba. Ungeweza kukata kwa mkasi wa kompyuta, lakini mkato wa hivyo unasikika kama mlango uliofungwa katikati ya neno.

Wengine hukwepa shida hii kwa kutotumia drams za mtu kabisa. Meshuggah wenyewe walitoa albamu mwaka 2005 yenye drams zilizopangwa kwenye kompyuta, na hakuna aliyewaita wavivu. Kwa Nairobi ni njia ya busara, maana drams ndani ya ploti ya wapangaji ni simu ya mwenye nyumba kabla wimbo haujaisha. Sisi tulikuwa na mpiga drams mzuri, ningekuwa mjinga kumweka benchi. Tulichofanya: katika kipimo cha mwisho kabla ya pengo, anaacha krashi na kuhamia haihati iliyofungwa, simbali mbili zilizobanwa pamoja, "tsk tsk tsk", kavu. Pengo likawa pengo. Na kwa sababu ya kule kukauka, kipimo hicho sasa kinasikika kama mtu anayevuta pumzi. Yaani maikrofoni imetunga kipande cha wimbo. Ndiyo maana siamini bendi inayosema imemaliza kutunga, inakuja tu kurekodi.

Magitaa nitayapitia haraka. Rifu inapigwa mara mbili kamili, moja inaenda kushoto na nyingine kulia. Ukinakili ile ya kwanza upande wa pili hupati upana, unapata kelele tu ya katikati. Upana unatokana na tofauti ndogo za mkono. Ukali wa ampu upunguze kuliko unavyotaka. Na piga tuni kila baada ya nusu saa, kwa sababu mabati ya SQ yakishika jua la mchana nyuzi nazo zinalegea. Trei za mayai ukutani hazizuii kelele ya nje hata kidogo. Mapazia mazito ya mitumba kutoka Gikomba na magodoro mawili vilinisaidia zaidi chumba kisipige mwangwi.

Besi ndiyo iliyoninyima usingizi. Wimbo unaisha kwa noti moja ndefu ya G ya chini, kwenye nafasi ya tatu ya uzi mnene. Kila tulipoirekodi ilikuwa inapumua: inavimba, inanywea, mara moja kila sekunde. Tulibadilisha waya, tukabadilisha pedeli, tukalaumu besi yenyewe. Saa sita usiku ndipo nilipokumbuka hesabu. Stima (umeme) ya Kenya inatembea kwa hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde. G ile ya chini ni hezi 49. Sauti mbili zilizotofautiana kwa hezi moja zinagongana mara moja kila sekunde. Mvumo wa stima ulikuwa umeingia kwenye besi, na kwa noti nyingine yoyote tungeusikia tu kama uchafu, lakini kwa G ulikuwa unaimba nayo, ukiwa umepanda kidogo kama mwanakwaya mkaidi. Bendi ya Marekani haiwezi kukutana na jini hili mahali hapa, kwa sababu stima yao ni hezi 60, inaangukia kati ya noti za A kali (A sharp) na B.

Chanzo kilikuwa ampu na kompyuta kuchomekwa kwenye soketi mbili za kuta tofauti, mkondo ukawa unazunguka kupitia waya wa ardhi. Nimeona mafundi wakiukata waya huo ili mvumo uishe. Usifanye hivyo, waya huo ndio unaozuia gitaa lisikuue. Nilichomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja, nikapitisha besi kwenye kisanduku chenye transfoma, mvumo ukaisha.

Mpiga besi aliisikiliza ile noti safi mara tatu, akaomba tumrudishie yenye kupumua. Tumeiweka kwenye sekunde kumi za mwisho, tena kwa makusudi, baada ya rifu kukoma.

Wimbo uko kwenye miksi. Wa pili umeshaanza: mwimbaji analeta utenzi, vipande vya mizani 8, na mpiga gitaa ana rifu ya punje 11, "Kawangware Nairobi Rongai". Kumi na moja mara tano ni 55, na kati ya zile 64 chenji ni 9. Punje tisa ni nyingi mno kuzinyamazia, na mpiga drams ameshasema hazirudishi. Tunakutana Jumamosi.