WWE ni feki? Ngoja kwanza

Watu wanasema mieleka ya WWE (ile kampuni ya Marekani ya mieleka ya kwenye TV) ni feki kwahiyo hakuna anayeumia, hapo ndo wanachanganya mambo. Kweli mshindi anapangwa kabla, na wenye kampuni walikiri wenyewe 1989 kule New Jersey kwamba ni burudani, ili wasibanwe na sheria za michezo (wajanja hao). So mi siwezi kuiita mashindano kama ndondi. Lakini ulingo ni mbao juu ya vyuma na kagodoro kembamba tu, ukirushwa unatua kweli, we mcheki mwanamieleka Mick Foley 1998 alirushwa toka juu ya kizimba cha chuma kinachozunguka ulingo, kama mita 5 hivi, akavunja meza, wakamweka kwenye machela, akashuka akarudi kupigana.